Redio Iliyovunjwa Kwenye Karatasi

Dereva alifika saa tatu kasoro robo, akaiweka redio juu ya meza yangu ikiwa imefungwa kwenye shuka ya hospitali, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Nilikuwa sijabadili viatu. Nina jozi mbili, za njiani na za mezani, kwa sababu miguu yangu ikifika ofisini huwa imeshagoma. Nikamwambia, "Karibu, baba. Lakini foleni ni nje." Akaniambia nje hakuna mtu. Nikachungulia. Kweli hapakuwa na mtu, na hilo likaniudhi zaidi.

Kazi yangu ni kupima. Ukileta redio ya upepo, ile ya kubonyeza ndiyo useme, mimi ndiye ninayesema kama ni halali kuitumia au si halali. Naangalia nguvu yake haizidi iliyoruhusiwa, naangalia kama inakaa kwenye masafa iliyopewa au inatangatanga kwenye masafa ya wenzake, natafuta namba yake kwenye rejista, nabandika stika. Miaka ishirini na sita. Ilikuwa imebaki miezi mitatu nistaafu, na sitadanganya, moyoni nilikuwa nimeshastaafu zamani. Mwili tu ndio uliokuwa unakuja kazini.

"Ya wapi hii?" nikamuuliza.

"Zahanati ya mlimani. Mimi ndiye dereva wa gari la wagonjwa." Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. "Tumepata barua yenu. Mmesema isiyohakikiwa izimwe kuanzia tarehe mosi. Muuguzi wetu akaizima tarehe mosi asubuhi, saa moja kamili."

"Vizuri. Anafuata sheria."

"Huyo anaogopa barua kuliko ugonjwa," akasema. "Leo siku ya tisa. Kule simu hazishiki, mama. Gari linalala bondeni kwa sababu njia ya juu haipitiki mvua ikinyesha. Zamani mgonjwa akizidiwa muuguzi ananiita kwa redio, napanda. Sasa anatuma mtu kwa miguu. Saa mbili kushuka. Na kuna wanawake watatu wanakaribia kujifungua, mmoja mke wa mwanangu."

Hakulisema hilo kwa kuomba. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya barabara, kisha akaegemea ukuta akafumba macho. Nikafikiri, mzee huyu hana matatizo. Namba, stika, saa nne na nusu yuko njiani.

Nikaifungua ile shuka. Redio yenyewe ilikuwa ya mezani, nzito, ya kijivu, imefutwa vumbi vizuri. Nikaiunganisha kwenye kile kidude kinachomeza mawimbi yasitoke nje, nikabonyeza, nikasoma. Wati ishirini na nne na nusu, ruhusa yake ishirini na tano. Masafa yametulia. Hakuna uchafu pembeni. Ilikuwa safi kuliko redio za magari ya idara yetu wenyewe. Namba ya nyuma ya kasha nikaiingiza kwenye kompyuta, ikatoka bila kusumbua: zahanati ya mlimani, usajili umepita muda, unaweza kuhuishwa. Stika nilikuwa nimeshaibandua kwenye karatasi yake, iko kwenye ncha ya kidole.

Hapo ndipo nikaziona skrubu. Tatu zilikuwa za asili, nyeusi, na ya nne inang'aa, ya redio ya kawaida ya kusikilizia nyumbani. Kanuni inasema redio iliyowahi kufunguliwa na fundi lazima nasi tuifungue, tusome namba iliyopigwa chapa kwenye bodi ndani. Asubuhi ile sikutaka kabisa. Lakini mkono una mazoea yake, na wangu ulikuwa umeshashika bisibisi.

"Iliwahi kutengenezwa?" nikamuuliza.

Akafumbua jicho moja. "Mwaka juzi ilipigwa na radi. Fundi akanunua nyingine kwa wauza vitu vya mitumba, akatoa utumbo wa ile akautia humu. Alisema amebadilisha moyo, mwili ni uleule. Risiti ipo."

Mafundi wetu ndivyo walivyo. Kasha likiwa zima na bodi imekufa, kasha halitupwi. Hawana nia mbaya, tena mara nyingi kazi yao ni nzuri. Hii ilikuwa imelehemiwa kwa adabu. Tatizo ni kwamba sheria haijali kasha. Kwa sheria, redio ni bodi, na kasha ni nguo tu. Nikaisoma namba ya bodi kwa kioo cha kukuzia, nikaiandika kiganjani, nikaiingiza.

Kompyuta ikafikiri muda mrefu. Kisha ikaandika kwa wekundu: MTAMBO HUU UMEHARIBIWA. Chini yake tarehe, ya miaka kumi na moja iliyopita. Chini ya tarehe, mashahidi wa uharibifu, wawili. Wa kwanza marehemu mtunza stoo wetu. Wa pili mimi.

Nikakaa. Sikushtuka kama wanavyoshtuka watu kwenye michezo ya kuigiza. Nilichoka tu ghafla, kama mtu aliyedhani amemaliza kufua akakuta beseni jingine nyuma ya mlango.

Ngoja nieleze. Wakati ule kampuni moja ya mbao ilifungwa, wenyewe wakaondoka, na redio zao zikaachwa stoo kwetu, arobaini. Zilikaa mpaka muda wa kudaiwa ukapita. Mtambo usio na wa kuudai huvunjwa. Kwetu kuvunja ni kwa nyundo, bodi moja moja juu ya kipande cha reli, na mashahidi wawili wanaosimama pale mpaka bodi ya mwisho ipasuke, ndipo wanasaini. Mpigaji alikuwa mtunza stoo, mtu mmoja mpole mno ambaye kwa kazi hiyo tulimwita Nyundo. Siku hiyo binti yangu wa mwisho alikuwa amelazwa hospitali, ana siku tatu hatambui mtu. Nyundo akanifuata kwenye ukumbi na fomu, akasema, "Mama, unafanya nini hapa? Nenda kwa mtoto. Saini, mimi nitazipiga." Nikaiegemeza fomu ukutani, nikasaini, nikakimbia.

Mtoto alipona. Kwa miaka yote hiyo nilimshukuru Nyundo. Nilikwenda kwenye mazishi yake na nikalia kwa dhati. Na sasa hii hapa bodi ambayo yeye na mimi tulikula kiapo kwamba imepasuliwa vipande, iko mbele yangu nzima, inatoa wati ishirini na nne na nusu. Sijui alizipeleka wapi nyingine thelathini na tisa. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nikajikasirikia mwenyewe, hilo liliwezekana.

Dereva alikuwa anakoroma taratibu. Nikaichukua karatasi ya kompyuta nikaenda kwa Mkuu.

Mkuu wa kitengo nilimfundisha mimi. Alikuja hapa hajui kutofautisha antena na fimbo ya pazia, leo ana kiti cha kuzunguka na mlango wenye jina lake. Ananiita Mama, nami namwita Mkuu, na kila mmoja anajua mwenzake anatania kidogo. Aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Namba ya kasha inasemaje?" akauliza.

"Namba ya kasha ni safi."

"Basi andika ya kasha, Mama. Hukuifungua. Mimi sijaona karatasi hii."

"Nimeifungua."

"Skrubu zinarudi."

Nikamwangalia. Wala si mtu mbaya. Alikuwa ananionea huruma, na huruma yake ilinichosha kuliko ukali. "Nikiandika ya kasha," nikamwambia, "mwaka ujao mkaguzi wa nje akipanda kule mlimani, naye ana bisibisi. Atakuta stika yangu juu na mtambo uliokufa ndani. Nani atashitakiwa? Si mimi, mimi nitakuwa nyumbani napalilia maua. Muuguzi. Unawakumbuka wale wa ushirika mwaka jana?"

Aliwakumbuka. Katibu wa ushirika alilala mahabusu siku sita kwa redio ya namna hiihii.

"Basi andika ya ndani," akasema polepole. "Imeharibiwa, haisajiliki, tunaikamata leo. Hiyo nayo ni haki."

"Nao wakae bila redio."

"Waombe nyingine."

"Kwa nani? Ombi linachukua miaka miwili, mwanangu, na wewe ndiye unayekaa nalo miezi minane." Hilo halikumpendeza, na mimi lilinipendeza kidogo.

Akakigeuza kiti huku na huku. Kisha akasema kile nilichokuwa nimeshakijua tangu nikiwa mbele ya ile kompyuta, ila nilitaka kisemwe na mtu mwingine kwanza. "Iko kanuni moja. Kama shahidi akikana uharibifu kwa maandishi, ingizo lile linafutwa. Mtambo unahesabika haujawahi kuvunjwa. Unarudi ulivyokuwa, na aliyenao kwa risiti anausajili siku hiyohiyo."

"Shahidi yeyote?"

"Aliye hai." Akaiweka karatasi mezani kwa uangalifu. "Mama, ukiandika hivyo unasema ulisaini uongo. Mimi sitaweza kuizuia hapa. Nitaipeleka juu leo leo, nao watakusimamisha, na miezi mitatu hii hutaimaliza. Kiinua mgongo wanaweza kukigusa. Pensheni wanaweza kuigusa. Kwa redio moja."

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza."

"Na mimi nimekujibu. Andika ya kasha."

Nikatoka nikasimama kwenye ukumbi, pale pale ukutani, maana jengo halijabadilika ila rangi. Nikampigia simu mume wangu. Yeye alistaafu mwaka juzi, anashinda bustanini, na amenunua viti viwili vya kukalia barazani. Kimoja hajakitoa hata nailoni, anasema ni changu. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mke wangu," akasema, "miezi mitatu. Funga macho."

"Niliyafunga siku ile, baba watoto. Ndiyo haya."

"Siku ile ulikuwa na mtoto kitandani. Hakuna mwenye roho atakayekulaumu."

"Wataniuliza kama niliona. Hawataniuliza kuhusu mtoto."

Akapumua. "Sasa unataka nikuambie nini? Nikikwambia fanya, nitakuwa nimekutuma kuunguza nyumba yetu. Nikikwambia usifanye, utakuja hapa unitazame kwa macho hayo mpaka nife. Fanya upendavyo. Lakini mimi nimechoka, na wewe umechoka, na nilitaka tupumzike kwa amani." Nilimpenda na nilitaka kumkatia simu, vyote kwa pamoja.

Niliporudi Dereva ameamka. Alikuwa anazikunja pembe za ile shuka, anazilinganisha kama mtu wa wodini. "Vipi, mama? Kuna tatizo?"

Ningeweza kumwambia tatizo lipo, redio yako ni haramu, nenda. Angenuna, angerudi, nami ningekaa na stika zangu mpaka miezi mitatu iishe. Badala yake nikamuuliza jambo la kijinga. "Huyo mkwe wako, mimba ya ngapi?"

"Ya pili. Ile iliyotangulia ilitoka." Akaitazama redio. "Nilimwahi kwa sababu ya hii. Muuguzi aliniita nikiwa nakula, nikaacha sahani. Daktari wa bondeni alisema ningechelewa nusu saa tungempoteza na yeye." Kisha, kama aliyeona amesema mengi, akaongeza, "Kuna choo hapa?"

Nikamwelekeza. Nikatoa karatasi.

Nasikia watu wakisema wakiamua jambo zito wanapata amani. Mimi sikuipata. Niliogopa. Nilifikiria kile kiti cha nailoni, nikafikiria wanangu wakiulizwa na watu, nikafikiria wale wadada wa mapokezi ambao niliwagombeza miaka yote kwa kusaini vitu wasivyovisoma. Watacheka, na wana haki. Mara tatu nikaweka kalamu chini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa na pensheni. Mwishowe nikaandika, kwa sababu kila njia nyingine niliyojaribu kichwani ilimfikia yule muuguzi mwoga wa barua, amesimama mbele ya mkaguzi na stika yangu.

Niliandika hivi: kwamba tarehe fulani nilisaini kushuhudia kuvunjwa kwa redio arobaini, kwamba sikuwapo, kwamba sikuona hata moja ikivunjwa, kwamba moja kati yake ninayo mbele yangu leo, nimeipima, ni nzima na inafuata masharti yote, kwamba naomba ingizo la uharibifu lifutwe. Binti yangu sikumtaja. Nilimwandika nikamfuta, nikachukua karatasi nyingine nikaanza upya, maana ilionekana kama naomba huruma, na karatasi safi ilikuwa lazima iwe ya redio tu. Nyundo naye sikumsema. Hana wa kumjibia, na kosa langu lilitosha kuijaza karatasi.

Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Mkono wake mmoja ulikuwa kifuani, unaichezea tai. "Bado hujaipiga muhuri wa mapokezi," akasema. "Bado ni karatasi tu."

"Ipige."

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kutosaini nisichokiona. Siku ya kwanza kabisa. Ulinipiga na rula mkononi."

"Najua. Nilikuwa najua ninachokisema."

Akaipiga muhuri. Akaingia kwenye rejista kwa namba yake ya siri, akalifuta lile ingizo jekundu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja bodi ile ikawa hai kwa serikali. Alisajili jina la zahanati mbele yangu. Kisha akavuta droo, akaifunga tena, akashindwa kunitazama. "Nitahitaji funguo za chumba cha vipimo," akasema. "Na kitambulisho. Wakishaisoma huko juu hawatataka nikuache na mitambo hata saa moja. Afadhali nichukue mimi kuliko aje mlinzi."

"Nimalize stika kwanza."

"Maliza stika."

Ilikuwa saa tisa. Nikairudisha bodi kwenye kasha lake, skrubu tatu nyeusi na moja ya kung'aa. Nikabandika stika, nikaisugua kwa ukucha pembe zishike, nikaandika namba ya bodi juu ya namba ya kasha, zote mbili, mkaguzi asisumbuke. Nikajaza cheti. Nilipofika kwenye mstari wa saini nikakaa kidogo, nikaibonyeza redio mara nyingine, nikasoma tena wati, nikasoma tena masafa, nikalifungua tena kasha nikasoma namba kwa kioo ingawa nilikuwa nayo kiganjani, nikalifunga. Ndipo nikasaini.

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, amekasirika sasa, naye alikuwa na haki yake. "Tangu saa tatu," akasema. "Siku nzima kwa kikaratasi hiki. Nyie watu wa ofisini, mnajua giza litanikuta kwenye kona zile?"

"Nisamehe, baba. Ilikuwa na usumbufu kidogo."

"Sasa ni halali?"

"Ni halali. Mwambie muuguzi aiwashe leo leo."

"Ataniuliza nani kasema. Huyo hawashi kitu bila jina."

"Jina liko kwenye cheti, hapo chini. Akija mkaguzi amwonyeshe."

Akakikunja cheti akakitia mfuko wa shati, akaipakata redio kwa mikono miwili ndani ya ile shuka. Hasira ikamshuka. Alikuwa mtu mwema, na safari ilikuwa ndefu, na pengine aliona uso wangu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mbona uso umekusawijika, mama?"

"Uchovu tu."

"Basi nenda nyumbani ukapumzike. Kazi haziishi, zitakukuta hapahapa kesho."

Nikamwambia ahsante, naenda kupumzika. Nikamshikia mlango mpaka akapita na mzigo wake, kisha nikazitoa funguo kwenye mkufu, moja moja, nikampelekea Mkuu.